Tabu Ndogo

Chaki niliiacha Morogoro nikiwa na hakika kwamba tumeachana. Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza miaka kumi na moja, nikiimba ba be bi bo bu mpaka koo likawa linatoa mkwaruzo badala ya sauti, na subira yangu ilikuwa imekwisha kabla ya koo. Nikaingia kwenye biashara ya nguo za watoto. Biashara ikanileta Guangzhou mara ya kwanza kwa wiki mbili, mara ya pili kwa miezi mitatu, na mara ya tatu nikakodi chumba mtaa wa Xiaobei, nikanunua sufuria, nikaacha kuhesabu siku.

Lakini ualimu ni kama harufu ya kitunguu, unanawa na watu bado wanakunusa. Siku moja nilimsahihisha mtu tahajia kwenye karatasi ya mzigo, akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Kosa langu nilijibu ndiyo. Haukupita mwezi, kina mama watatu wakawa mlangoni kwangu. Watoto wao walikuwa wanasoma shule za Kichina na wanaandika Kichina kama wenyeji, lakini ukiwapa ukurasa wa Kiswahili wanautazama tu. Bibi zao wakipiga simu kutoka nyumbani, watoto wanaitikia kwa kichwa, na bibi upande wa pili anabaki anaita haloo, haloo. Wakaniomba saa mbili tu kwa wiki. Nikasema sitaki. Wakarudi na hotpoti la pilau. Nikasema nitajaribu.

Tukachagua Jumamosi alasiri, kwa sababu Ijumaa ni ya wenzetu wa msikitini na Jumapili ni yetu sisi wa kanisani, na Jumamosi haina mwenyewe. Ndugu mmoja wa Zanzibar mwenye ofisi ya kago alituachia chumba chake cha nyuma. Watoto sita walikaa juu ya marobota ya nguo. Ubao ulikuwa upande wa katoni, na kalamu ilikuwa ile ile nyeusi nene ya kuandikia alama za wenye mizigo kabla haijapelekwa bandarini Nansha. Silabi zangu nilizikata kwenye katoni, kila moja na kadi yake. Wiki moja mpakiaji aliokota kadi ya "ke" akaitumia kuzibia pembe ya boksi, ikaenda zake Dar es Salaam na konteina. Tukasoma wiki mbili bila "ke", na mtoto mmoja akaniambia hawezi kusoma "keki" kwa sababu imesafiri.

Kati ya hao sita alikuwepo msichana wa miaka sita na nusu, mrefu kuliko umri wake, mwenye mikia miwili ya nywele iliyofungwa kwa kubana sana. Huyo alizaliwa hapa hapa. Mama yake alikuwa sokoni kutoka asubuhi, maana yeye ndiye aliyekuwa na Kichina cha kupatana bei, na baba yake alikuwa mtu wa kago, leo yuko kiwandani, kesho yuko uwanja wa ndege wa Baiyun na mzigo wa haraka. Mtoto akalelewa na jirani Mchina, mama wa makamo ambaye sote tulimwita ayi, yaani shangazi. Kiswahili alikisikia na kukielewa, lakini majibu yake yalikuwa Kichina au kimya. Mimi nilipata kimya.

Nilianza naye kama nilivyoanza na watoto wote maishani mwangu. Nikainua kadi ya "ba", akasoma. "Be", akasoma kwa shida kidogo. "Bi", "bo", vizuri. Nilipoinua "bu" akaitoa kwa mkato, sauti ikashuka ghafla, na hapo hapo akatikisa kichwa. Sasa neno hilo hapa kila mtu analijua. Hata aliyenunua soksi jozi moja analijua, kwa sababu laoban, yaani mwenye duka, ndilo analokupiga nalo ukitaja bei ya chini. Bu ni hapana. Nikamwambia arudie. Akasema bu, akatikisa kichwa tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia. Wenzake wakacheka.

Damu yangu huchemka upesi, sitaficha. Nilisema moyoni, huyu ananikatalia mbele ya darasa, tena kwa Kichina. Nikamtoa kwenye robota lake nikamkalisha pembeni, karibu na mizani ya kupimia mizigo, akabaki huko mpaka tulipomaliza. Hakulia. Alikuwa anatazama sindano ya mizani ikicheza kila alipohamisha mguu wake.

Wiki iliyofuata ikawa "ma". Nikainua kadi, akaitazama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ipi?" Nikamwambia asome. Akauliza tena ipi. Nikamwuliza ipi nini. Ndipo akaisoma kama mtu anayejaribu filimbi, mara imelala juu, mara inapanda, mara inazama na kuibuka, mara inaanguka. Wenzake wakaanza kumuiga, chumba kikawa kanisa la vyura. Nikampeleka kwenye mizani. Zikapita Jumamosi saba hivi, na wenzake wakawa wanaunga "mama kapika", yeye bado ananiuliza ipi, na bado ananikatalia "bu".

Mwishoni mwa mwezi wa pili baba yake alipanda ngazi kuniuliza maendeleo. Alikuwa mtu mpole, mwenye simu mbili mkononi na uchovu wa kudumu machoni. Aliniomba nimweleze ukweli, kwa sababu mama yake mzazi kule Tanga alikuwa anamwuliza kila siku mtoto ana nini, mbona haongei na bibi yake. Nilikuwa nimetoka kugombana na mwenye kiwanda juu ya zipu mbovu. Nilikuwa na njaa. Nikamwambia, "Mtoto wako mzito."

Kwetu mtu akisema hivyo juu ya mtoto hasemi kilo. Baba yake akanishukuru kwa kusema kweli, akashuka ngazi. Alinishukuru, na hiyo shukrani ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Siku tatu baadaye mama yake akaja chumbani kwangu na macho mekundu. Mumewe alikuwa ameamua kwamba mtoto apelekwe Tanga kwa bibi yake, akae huko, aanze shule huko, apate lugha moja ya kueleweka kabla akili haijachanganyikiwa zaidi. Yeye mama angebaki, kwa sababu bila Kichina chake duka halina mdomo. Mtoto angeenda bila mama, kwa miaka ambayo hakuna aliyeitaja idadi yake. Walikuwa wamebishana siku mbili na wakafikia mahali pamoja tu: baba alikubali kusubiri mpaka maonyesho ya biashara ya Pazhou yaishe, maana wiki hizo angekuwa na wanunuzi na hakuna nafasi ya kusafiri. Maonyesho yakiisha, mtoto akiwa anasoma Kiswahili, atabaki. Kama hasomi, wanakwenda Baiyun.

"Dada, nisaidie," akaniambia. "Nimebakiza wiki sita."

Nikamwambia nitajitahidi. Sikumwambia neno la mumewe lilitoka kinywani mwa nani. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu ulikuwa kama umeota mmoja.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nawasomesha wengine, na ili binti asinisumbue nikampa kipande kikubwa cha katoni na kalamu, nikamwambia anakili kadi zote zilizoko mezani. Nilipomaliza nikaenda kuangalia. Alikuwa amezinakili zote kwa mwandiko safi kuliko wangu, na pembeni ya kila moja amechora picha. Pembeni ya "ma" kulikuwa na farasi, na pembeni ya farasi mwanamke. Pembeni ya "mi" punje za mchele. Kwenye "cha" kikombe kinachotoa moshi, kwenye "ji" kuku, kwenye "yu" samaki. Kwenye "bu" alikuwa amechora mkono wa mtu unaopunga, kama laoban anavyokufukuza na bei yako.

Nilikaa juu ya robota. Nina Kichina cha sokoni, cha kuuliza bei na kukataa, lakini kilitosha. Mtoto huyu alikuwa amesoma kila kadi niliyoinua tangu siku ya kwanza. Tena alifanya zaidi ya wenzake, alikuwa ananipa na maana. Kwa Kichina silabi moja huwa ni neno zima, lenye maana yake, na sauti ikipanda au ikishuka maana inabadilika. Nikimwonyesha "ma" bila kumwambia sauti inapanda au inashuka, ni haki yake kuuliza ipi. Nikimwonyesha "bu", anasoma bu, na anatikisa kichwa ili mwalimu ajue kwamba ameelewa. Na mimi mwalimu wa miaka kumi na moja nikamweka kwenye mizani.

Mama yake alipokuja kumchukua nilimwonyesha ile katoni. Kisha nikamwambia lile jingine, kwamba aliyemwambia mumewe mtoto ni mzito ni mimi. Akasema anajua, mumewe alimwambia siku ile ile. Nikamwuliza kwa nini basi alikuja kwangu, Guangzhou nzima hii.

"Kwa sababu hatamsikiliza mwingine," akasema. "Wewe ndiye uliyefunga, fungua."

Tukaanza upya, mimi na yule binti, kila jioni sokoni kukifungwa, nyumbani kwao, mezani penye mafuta ya maandazi. Kitu cha kwanza nilichopaswa kumwambia nilikihangaikia siku mbili. Nilimwambia silabi zetu ni vifungo ambavyo havijashonwa kwenye shati. Kimoja kimoja havifungi kitu. Usiviulize maana, viunge kwanza. Akanitazama kwa mashaka ya mtu anayeambiwa sumuni si hela.

Nikaweka "ba" mara mbili. Akasoma, akatabasamu, kwa sababu baba kwa Kichina naye ni baba. Nikaweka "ma" mara mbili, na mama akawa mama. Hapo nilikuwa nadanganya kidogo, nilichagua maneno ambayo lugha zote mbili zinakubaliana, lakini mwalimu asiyedanganya kidogo hajawahi kufundisha darasa la kwanza. Halafu nikaweka "ma" na "ji". Akatazama farasi wake na kuku wake, akasoma polepole, akashtuka. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika vipi farasi na kuku wamekuwa maji. Nikamwambia ndiyo mambo yetu. Akacheka mpaka akashika tumbo. Jioni hiyo hakutaka kulala kabla ya kupata mengine. Alipounga "mi" na "mi" akamkimbilia mama yake jikoni kumwambia kwamba "mimi" ni mchele mchele.

Sauti za kupanda na kushuka zilikawia kuondoka. Alisoma "samaki" kama anayeimba. Sikumgombeza. Nilikuwa nimejifunza, na kujifunza kwangu kulikuwa kumegharimu.

Silabi zilipomtii nikampeleka kwenye ukoo wa maneno. Hivyo ndivyo ninavyouita mimi, maana vitabu vina majina marefu. Unachukua soma, somo, msomi, msomaji, kisomo, unatafuta kile kipande ambacho hakiondoki, unakipaka rangi nyekundu. Nilidhani nitatumia wiki nzima kumwelewesha. Alielewa kwa dakika moja na akanieleza kwa nini. Akaniandikia maneno matatu ya Kichina, mto, ziwa na machozi, akanionyesha upande wa kushoto wa kila moja vitone vitatu. "Maji hapa," akasema, akigusa. "Hapa maji. Hapa maji." Kumbe ukoo anaujua tangu chekechea, ila kwao jamaa hutambulikana kwa macho. Baada ya hapo yeye ndiye aliyeshika kalamu nyekundu.

Tuligombana kwenye pika na mpishi. Alikataa katakata kwamba ni ndugu, kwa sababu mmoja ana "k" na mwingine ana "sh". Nilimwambia mpishi ni wa ukoo ule ule, amebadilika sura tu. Akasema basi asipakwe nyekundu, apakwe rangi ya chungwa. Mpaka leo kwangu mpishi ni wa rangi ya chungwa.

Halafu ikaja siku ya "ki". Nilimfundisha kwamba "ki" ikija mbele inaweza kupunguza kitu: mtoto akawa kitoto, jumba likawa kijumba, mlima kilima. Akaenda nayo kimya kimya siku mbili. Siku ya tatu akanijia na daftari, ameandika "kitabu", amepaka "tabu" nyekundu. Neno tabu analijua vizuri, mama yake hulisema kila akirudi kutoka sokoni. Akaniambia kwa uhakika kwamba kitabu ni tabu ndogo.

Nilicheka peke yangu kwenye metro nikirudi, watu wakanihama kiti. Nilikuwa nimemwambia kwamba sivyo, kwamba neno hilo ni mgeni aliyetoka kwa Waarabu na "ki" yake mwenyewe, na sisi tukamvika nguo za kwetu mpaka akazaa vitabu. Aliitikia kwa adabu. Sidhani alinisadiki, na kwa jinsi nilivyomtendea miezi miwili ya kwanza, tafsiri yake ilikuwa na ushahidi kuliko yangu.

Zikabaki wiki mbili. Nilijua baba yake akimpima hatampa "mama kapika". Kiswahili cha watu wazima ni neno moja refu lenye sentensi nzima tumboni. Kwa hiyo nikamfundisha kuwatafuta watu. Nikamwambia kila neno refu la kutenda lina mtu mbele anayetenda, na mara nyingi lina mtu wa pili ndani anayetendewa. Ziba neno kwa kidole gumba, lifunue kipande kwa kipande. Nimekupikia: "ni" ni mimi, "ku" ni wewe. Atatupenda: "a" ni yeye, "tu" ni sisi. Akaanza kuchora chini ya kila kipande chenye mtu ile alama ya Kichina ya mtu, mistari miwili tu, kama mtu anayetembea. Nikampa sheria moja, na niliikazia kwa sababu nilijua haraka yake: usiondoke kwenye neno refu kabla hujawajua watu waliomo.

Maonyesho ya Pazhou yakaisha. Kesho yake alasiri nikaenda kwao. Baba yake alikuwa amekaa sakafuni kati ya mifuko ya katalogi, miguu imevimba kwa wiki za kusimama. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi, hafuti chochote. Binti alikuwa amefungwa zile nywele zake mikia miwili na amevaa gauni la sikukuu.

Nilikuwa nimeandaa ukurasa. Baba yake aliutazama, akanirudishia kwa upole.

"Huu amekariri, Mwalimu. Usinielewe vibaya. Nataka asome kitu ambacho hajawahi kukiona."

Alikuwa na haki. Mtu anayenunua mzigo hachukui sampuli aliyochaguliwa na muuzaji. Akatoa simu yake, akatafuta mahali penye Kiswahili, akapekua pekua, akampa. Kisha akaegemea ukuta na kufumba macho.

Binti akashika simu kwa mikono miwili na kusoma kwa sauti. "Mwanangu, salamu. Chumba cha mtoto nimekipaka rangi." Alisoma bila kuimba. Mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa kile kitambaa. Baba yake akafumbua macho. Mimi nilikuwa najivuna, na kwa sababu ya kujivuna sikusikia maneno yenyewe, nilisikia silabi tu. Mpaka alipofika kwenye neno refu akasimama.

Lilikuwa ni "mtakapomwacha". Ujumbe ulikuwa wa bibi wa Tanga. Alikuwa ameandika, mtakapomwacha kwangu msiwe na wasiwasi, nitamlea vizuri.

Baba yake akanyoosha mkono apokee simu. Lakini binti akageuka pembeni, akaweka kidole gumba juu ya kioo. Akafunua: m, ta, ka, po, mwa, cha. Akalisoma lote, sawasawa. Angeweza kuendelea. Ila mimi nilikuwa nimemwekea sheria. Akavuta katalogi moja, akaligeuza jalada, akaandika neno lile kwa kalamu na kuanza kuchora chini yake. Chini ya "m" ya mbele akachora watu wawili.

"Ninyi," akasema. Akasogea. "Taka." Neno hilo alilijua tangu hajajua kutembea, nataka maji, nataka kulala. "Mnataka."

Akafika ndani ya neno, kwenye "mw", akachora mtu mmoja, mdogo kuliko wale wawili. Kisha "acha". Hiyo nayo aliijua.

Nikasema, "Hapo taka si kutaka. Ni wakati ujao tu." Ni kweli tupu, iko katika sarufi, na sijawahi kusema kweli iliyosikika kama uongo namna ile.

Aliweka ncha ya kalamu kwenye yule mtu mdogo. "Mwalimu, huyu wa ndani ni mimi?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikamwambia ndiyo.

Nimewaza sana kwa nini baba yake alimpa ujumbe ule. Hakuwa mtu katili. Hakuna mzazi anayempa barua kama ile mtoto anayejua kusoma. Alimpa kwa sababu kichwani mwake mtoto hasomi, ataishia kwenye salamu, na wote tutajua. Na hilo lilikuwa kichwani mwake kwa sababu mimi ndiye niliyeliweka, siku niliyokuwa na njaa na zipu mbovu.

Binti akaacha kunitazama mimi. Akamgeukia baba yake, midomo ikacheza kidogo bila sauti, kisha akamwuliza, "Mtaniacha?"

Sikuwahi kumfundisha hilo. Nilimfundisha kuvunja maneno, sikumfundisha kuyajenga. Alikuwa amelichukua neno la bibi yake, akamtoa yule "mw", akajiweka mwenyewe mahali pake, "ni", akalifupisha, akaliuliza, na halikuwa na kosa hata moja. Mwalimu ndani yangu alitaka kupiga makofi. Nilimchukia huyo mwalimu.

Kesho yake baba alimpigia mama yake Tanga akamwambia mtoto habanduki, nami baadaye nikamwomba radhi huyo baba, akaniambia neno lilikuwa langu lakini uamuzi ulikuwa wake. Hayo yote ni ya baadaye. Alasiri ile baba yake alilitazama lile jalada lenye watu watatu. Kisha akasogeza mifuko ili apate nafasi, akamvuta mtoto mbele yake.

"Hatutakuacha," akasema.

Binti hakufurahi. Aliinua kidole gumba chake, akawa analifunua neno lile hewani, kipande kwa kipande, mpaka akakipata alichokuwa anakitafuta.

"Ku ni nani?"

"Ku ni wewe," baba yake akamwambia.